Postikadi za Ami na Kalamu ya Mteja

Biashara ilipolegezwa Unguja katikati ya miaka ya 1980, wageni walianza kuonekana tena vichochoroni Mji Mkongwe, na ami yangu akafungua kiduka cha viungo na vikoi. Hakuwa na pesa za matangazo, na hata angekuwa nazo, tangazo la redio lisingemfikia Mtaliana ambaye bado hajapanda ndege. Alichokuwa nacho ni muhuri wa mpira, kidau cha wino na bunda la postikadi alizonunua kwa jumla: jumba la Beit al-Ajaib, jahazi lililotanua tanga, mlango wa nakshi.

Nikitoka skuli kazi yangu ilikuwa kupiga muhuri ule nyuma ya kila kadi: jina la duka, mtaa, sanduku la posta. Mgeni aliyenunua viungo alipewa kadi moja na stempu yake bure, akawekewa kiti na kalamu. Aliandika palepale, akiwa bado ana harufu ya karafuu vidoleni, na jioni mimi nilizipeleka kadi zote posta ya Shangani. Mke wa ami aliona ni hasara kugawa stempu. Ami alimjibu kwamba kizuri chajiuza, sawa, lakini lazima apatikane wa kukisema, na stempu ndiyo ujira wa msemaji.

Hesabu yake haikuwa ngeni. Postikadi ya kwanza ilitolewa na posta ya Austria mwaka 1869, na kwa miaka mingi upande mmoja mzima ulikuwa wa anwani tu, kwa hiyo ujumbe ulibanana na picha upande wa pili. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 anwani na ujumbe vigawane upande mmoja, nchi nyingine zikafuata, na picha ikapata uso mzima peke yake. Wapiga picha wenye asili ya Goa waliokuwa na studio Unguja, kama A. C. Gomes na Pereira de Lord, waliuza kadi za mandhari ya mji, na majina yao yalichapwa kwa herufi ndogo. Msafiri wa meli alinunua kadi, akalipia stempu, na jina la studio likafika Ulaya bila mwenye studio kugharamia safari. Ami alikuwa na kadi chache za aina hiyo, na alizitazama kama mfanyabiashara, si kama mpenda mambo ya kale.

Baada ya muda alichoka kuuza sura ya mji ambayo kila duka liliiuza. Akaenda kwa mpiga chapa akatengenezewa kadi yake mwenyewe, ina mapishi ya pilau: bizari nzima, hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Mke wa ami ndiye aliyetoa vipimo, na haikuwa rahisi, maana yeye hupima kwa kiganja. Alikaa jikoni na kijiko, akimimina kiganja chake humo na kuhesabu, hadi mapishi yakawa ya kufuatwa na mtu asiyewahi kumwona. Kadi ile haikutupwa kama nyingine. Ilibandikwa jikoni, na bizari zilipokwisha jina la duka lilikuwa palepale ukutani. Barua za kuomba viungo zikaanza kuingia sandukuni.

Kisha akabuni kona. Kadi iliyochapwa mstari wa nukta pembeni ilimpa rafiki wa mteja punguzo la kikoi, mradi aje nayo dukani. Kona ilikatwa na kutiwa kwenye kopo. Waongoza watalii na nyumba za wageni nao walipewa kadi, kila mmoja na herufi yake kwenye kona. Mwisho wa mwezi ami alimwaga kopo mezani, akajua nani wa kulipwa kamisheni na nani anachukua kadi za kupepea tu.

Majirani zetu hawakuhusika na mbinu hizi. Kwetu barua haikuja mlangoni, iliishia kwenye sanduku la kukodi posta, na wengi hawakuwa nalo. Wateja wa mjini walipelekewa kadi za Idd kwa mkono, mara nyingi na mimi kwa baskeli.

Miaka ya 1990 ilipoelekea ukingoni, wageni walianza kuulizia pa kutuma barua pepe. Walizichukua kadi, ila kiti cha kuandikia kikawa cha kuwekea mizigo. Zikaja simu zenye kamera, na mwaka 2010 ikaja Instagram. Mtu alipiga picha ya magunia ya viungo, na jamaa zake waliiona kabla hajalipa.

Wakati huo duka lilikuwa mikononi mwa binti wa ami, ninayemwita dada. Alichapisha kadi za kisasa: zinang'aa pande zote mbili, zina nembo, namba za simu, WhatsApp, Facebook na msimbo wa QR. Zilipendeza sana na hazikuandikika. Wino wa kalamu ulitelezea juu ya ule mng'ao, na hata ungeshika, pa kuandika hapakuwapo. Mgeni aliupiga picha msimbo, akaiacha kadi kaunta.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka. Wageni waliofika baadaye waliulizia picha ya jengo likiwa zima, na kwenye kabati la ami bado kulikuwa na mabunda ya kadi zile za zamani, zenye mgongo wa karatasi kavu. Dada akaona jambo ambalo hakulitegemea: watu waliziandika. Hawakuulizia stempu. Waliandika jina la mama, la jirani, la bosi, wakaifunga kadi kwenye pakiti ya bizari na kutia begini, wakaitoe kwa mkono wakifika kwao.

Ndivyo anavyochapisha sasa. Mbele picha au mapishi ya mama yake, nyuma karatasi isiyong'aa, nusu yake tupu, msimbo mdogo chini, na tundu la kupitisha uzi wa pakiti. Simu humwonyesha wangapi wamefungua ukurasa wa duka, lakini kufungua si kununua, kwa hiyo na kona ya punguzo ameirudisha. Ami, ambaye sasa hatoki sana, hupelekewa kopo kila mwezi. Ya simu hayaulizi.