Jogoo Likiwika, Lisiwike: Wosia kwa Wajukuu

Wajukuu zangu wapenzi,

Nawasalimu nyote, mliobaki hapa Tanga na mliotawanyika kutafuta riziki Dar es Salaam, Mombasa na Muscat. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri wangu. Macho yamepungua nuru na magoti yanagomea ngazi, lakini kumbukumbu bado ninayo, na kabla haijanitoka nimeona niwaachie maneno.

Shamba sina, na nyumba hii mnajua ni ya wote. Nilichochuma ni ujuzi wa uuguzi, ndio ninaowarithisha. Nimechagua jambo moja tu, kwa sababu ndilo mnaloniuliza kuliko yote. Mtoto katoka vipele, mume kashikwa na mkanda wa jeshi, binti ana chunjua vidoleni, mnanitumia picha kwenye simu, na swali ni lile lile: "Bibi, tupake nini?"

Wahenga walisema jogoo likiwika, lisiwike, kutakucha. Haya magonjwa ya ngozi yaletwayo na virusi, mengi huondoka yenyewe. Malengelenge ya tetekuwanga hukauka baada ya wiki moja hivi. Vidonda vya mkanda wa jeshi hufunga katika wiki mbili hadi nne. Chunjua za watoto, nyingi hupotea ndani ya miaka miwili bila kuguswa. Kinga ya mwili ndiyo inayofanya kazi. Lakini wakati inafanya kazi, mama kapaka majivu, shangazi kaleta majani, jirani kaleta mafuta ya nyonyo. Na kilichopakwa mwisho ndicho kinachopewa sifa. Jogoo limewika, kumekucha, na watu wanalishukuru jogoo. Jirani anayeapa kwamba mafuta yake yaliponya hasemi uongo, maana alimwona mtoto akipona kwa macho yake. Asiyemwona ni mtoto wa nyumba ya tatu aliyepona siku zile zile bila kupakwa chochote.

Kwa hiyo mkiletewa dawa, msiulize imemponya nani, kwani kila dawa ina mashahidi wake. Ulizeni mambo mawili: je, inaumiza? Je, itatuchelewesha? Isiyoumiza wala kuchelewesha, tumieni kwa amani, hata kama kazi yake ni kumfariji mgonjwa tu. Yenye mojawapo ya hayo mawili, ikataeni kwa adabu, hata ikiletwa na mtu mnayemheshimu.

Nianze na tetekuwanga. Huanza kwa homa na uchovu, kisha vipele vyekundu kifuani, mgongoni na usoni. Mwangalieni mtoto penye mwanga. Kipele hugeuka lengelenge dogo lenye maji maangavu. Maji yale huwa na ukungu, kisha lengelenge hunywea na kufanya kigaga. Alama yake kubwa ni kwamba kifua kimoja hukusanya vyote kwa wakati mmoja, kipele kipya, lengelenge na kigaga, kwa sababu hutoka kwa mafungu.

Ugonjwa huu huenea kwa hewa na kwa maji ya malengelenge, na mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijatoka. Ndiyo maana ndugu wanaolala naye chumba kimoja mara nyingi huwa wameshaupata, nao watatoka vipele kati ya siku 10 na 21 baadaye. Anayefuatia katika nyumba mara nyingi huugua zaidi kuliko wa kwanza, basi msishtuke. Mgonjwa asiende shule, madrasa wala harusini mpaka vipele vyote vimekuwa vigaga.

Kumuuguza si kazi ngumu. Mkateni kucha ziwe fupi, na usiku mvalisheni soksi mikononi, maana makovu na usaha huletwa na kujikuna. Wako wanaomkataza mgonjwa maji mpaka apone, msiwasikilize. Mwogesheni kwa maji ya uvuguvugu, kisha mkausheni kwa kanga laini kwa kugusa-gusa bila kusugua. Mkitaka kuchemsha majani ya mwarobaini na kumwogesha kwa maji yake yakishapoa, ogesheni; ngozi hupata nafuu na mama naye huona amefanya kitu. Liwa nayo hupoza, lakini isiguse lengelenge lililopasuka. Losheni ya kalamaini ni ya bei nafuu na hupunguza muwasho. Ipakeni kwa pamba, mbali na macho. Akiwa na vidonda mdomoni, mpeni uji uliopoa na maji mara kwa mara. Homa ikipanda, parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake yatosha.

Sasa yale ya kukataa. Aspirini asipewe mtoto mwenye tetekuwanga kabisa, kwa kuwa inaweza kuleta ugonjwa wa ghafla wa ini na ubongo unaoua. Ibuprofeni nayo iacheni, maana imehusishwa na maambukizo mabaya ya ngozi kwa watoto hawa. Mafuta ya mwarobaini yasinywewe, kwa mtoto ni sumu. Dawa ya meno, petroli na chumvi ya kusugua vyote huchoma ngozi iliyokwisha kuchomeka. Zile kapsuli mnazoziita rangi mbili haziui virusi. Zina kazi pale tu kidonda kimeingia usaha, na wa kuamua ni mtabibu. Krimu za kuondoa muwasho zenye steroidi, zile zile wanazojipaka wenye kutaka weupe, huinyima ngozi kinga wakati inapoihitaji.

Wako pia wenye desturi ya kuwakusanya watoto wazima na mgonjwa ili "wamalize wote kwa pamoja". Msifanye hivyo. Wengi watapona, ni kweli, lakini hamjui ni yupi atakayepata nimonia, wala hamjui mama gani katika nyumba ile ana mimba changa. Tetekuwanga kwa mtu mzima ni kali kuliko kwa mtoto, na kwa mjamzito asiyewahi kuugua ni hatari kwake na kwa kilicho tumboni. Mama akitoka vipele siku chache kabla au baada ya kujifungua, mtoto mchanga yumo hatarini. Hao, pamoja na watoto wachanga na wenye kinga dhaifu, wapelekwe hospitali mara moja. Apelekwe pia yeyote anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa, au mwenye kidonda kinachovimba na wekundu unaotambaa.

Chanjo ipo. Ilitengenezwa na daktari wa Japani, Michiaki Takahashi, miaka ya 1970, baada ya mwanawe mwenyewe kuugua sana tetekuwanga. Katika chanjo za kawaida za watoto wetu haimo, lakini mlio nje ya nchi, ambako inatolewa, msiiache iwapite.

La pili ni mkanda wa jeshi, na hapa sikilizeni zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza muda. Kirusi ni kile kile cha tetekuwanga. Mtoto akishapona, kirusi hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, hata miaka 50. Kinga ikipungua, kwa uzee, kwa maradhi au kwa sababu isiyojulikana, huamka na kufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Daktari wa familia wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, aliliandika hilo mwaka 1965 baada ya kuwafuatilia wagonjwa wake miaka mingi. Ndiyo maana vipele hukaa upande mmoja tu wa mwili, vikaishia katikati ya kifua au mgongo. Maumivu hutangulia siku kadhaa, na wengi hudhani ni kichomi, figo au moyo.

Mmesikia kwamba mkanda ukizunguka na kukutana, mtu hufa. Mkanda haukutani kwa desturi yake. Ukitapakaa mwili mzima, basi kinga imeanguka sana, na hilo ni jambo la hospitali; kinachoua ni ule udhaifu, wala si kukutana kwa ncha mbili. Mmesikia pia kwamba umetupwa na mchawi, na kwamba dawa yake ni kuchanjwa chale pembeni ili usipite. Wembe wa chale uliopita kwa wengine unaweza kuwaletea Ukimwi na homa ya ini, na mwendo wa kwenda kwa mganga unawaibia saa mnazozihitaji.

Saa zenyewe ni 72. Dawa ya asiklovia hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku tatu tangu vipele kutokea. Huandikwa na mtabibu, hunywewa mara tano kwa siku, na msiikatize mkiona nafuu. Hufupisha ugonjwa na kupunguza maumivu. Nasisitiza kwa sababu mkanda una mkia: kwa baadhi ya watu, hasa wazee, vidonda hufunga lakini mshipa hubaki ukiwaka kwa miezi au miaka, hata kanga ikigusa ubavu mtu hulia. Kitambaa safi chenye maji baridi juu ya vipele, nguo pana na parasetamoli ni msaada mzuri wa nyumbani, lakini viende sambamba na dawa, visichukue nafasi yake. Vipele vikiwa kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, msilale nyumbani usiku huo, maana mshipa huo ndio uendao jichoni, na jicho linaweza kupofuka.

Niseme na la aibu. Miaka ya themanini na tisini, kijana akitoka mkanda wa jeshi, mtaa mzima ulishamhukumu. Kulikuwa na chembe ya ukweli, kwani wengi wa vijana wale walikuwa na virusi vya Ukimwi. Lakini wazee wengi huupata kwa sababu ya umri tu. Marekani hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya watatu ataupata maishani. Kijana akiupata, apime, kwa faida yake mwenyewe. Akikutwa navyo, dawa za kufubaza zipo na hutolewa bure, na mtu huishi akazeeka. Aliyefichwa chumbani asionekane na majirani ndiye tunayemzika.

Mjue na hili: mwenye mkanda hamwambukizi mtu mkanda. Anaweza kumpa tetekuwanga asiyewahi kuugua, kwa maji ya malengelenge. Afunike vipele, anawe mikono, asimpakate mtoto mchanga mpaka vikauke.

Chunjua sina maneno mengi. Kama haiumi, iacheni. Mkitaka kuiondoa, dawa yenye asidi ya salisiliki inauzwa duka la dawa; loweka chunjua kwenye maji ya vuguvugu, isugue taratibu, paka dawa juu yake tu, na urudie kwa wiki kadhaa. Msiikate kwa wembe, kwa maana damu na magamba yake huipandikiza pengine. Na utomvu wa mnyaa, ambao wengi huusifu, unachoma ngozi, na tone moja likiruka jichoni laweza kumtia mtu upofu. Chunjua za sehemu za siri ni jambo jingine. Hizo si za kupaka nyumbani kabisa.

Mwisho, msijiamini kupita kiasi katika kutambua. Mwaka 1977, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, kijana aitwaye Ali Maow Maalin, alipanda gari kumwelekeza dereva njia, na ndani ya gari mlikuwa na wagonjwa wa ndui. Alipoanza kuugua, kwanza alidhaniwa ana malaria, kisha tetekuwanga. Ilikuwa ndui, na ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alipona, akaja kufanya kazi ya kuhamasisha chanjo ya polio mpaka kifo chake mwaka 2013. Kama watu wa hospitali walikosea, nasi tutakosea tukitumia picha ya simu.

Siku hizi kuna mpox, mnayoiita homa ya nyani, ambayo mwaka 2024 ilitoka mashariki ya Kongo ikafika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na mwaka uliofuata ikatangazwa hapa kwetu. Nayo hutoa malengelenge. Lakini mara nyingi huvimbisha mitoki, hutoka hata viganjani na nyayoni, na vipele vya sehemu moja hukomaa kwa pamoja. Mkiona hayo, msipake kitu. Mgonjwa akae peke yake, mtoe taarifa kituo cha afya, na anayemhudumia avae glavu.

Huu ndio wosia wangu. Majani ya mwarobaini yawe ya kuogea, liwa iwe ya kupoza, na bibi awe wa kubembeleza. Siku tatu za mwanzo ipeni zahanati, na mgonjwa msimfiche wala msimcheke. Mkipona, msiapie dawa mliyopaka. Mwambieni jirani mlikwenda wapi na mlikwenda siku ya ngapi, maana hilo ndilo litakalomsaidia.

Nawaombea afya njema.

Ni mimi bibi yenu.