Riziki ya Paka Katika Daftari la Nyumba

Katika daftari letu la matumizi ya mwezi, chini ya kodi ya pango, ada za shule, ada ya madrasa, umeme, maji na soko, upo mstari mmoja mfupi ulioandikwa jina la Zabibu. Zabibu ni paka. Wageni wanaouona mstari huo hucheka, na wengine hukunja uso. Sisi tumeuweka kwa makusudi, kwa kuwa tunaamini kwamba anayekula nyumbani bila kuandikwa popote ndiye wa kwanza kukosa pindi mambo yanapobana.

Nayo mambo yalibana mwezi wa Januari. Ada za watoto watatu zilidaiwa kwa pamoja, na kodi ya miezi sita ikawa imefika. Tulikaa baada ya sala ya Isha, sisi wazazi pamoja na Bibi yao watoto, tukapitia daftari mstari kwa mstari. Tulipofika kwa Zabibu, mjomba wa watoto, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, akasema neno ambalo husemwa katika nyumba nyingi za mjini: atiwe kwenye kiroba, akaachwe Feri, kwani huko vichwa vya samaki haviishi. Akaongeza kwamba wapo watu wasio na chakula, nasi tunampimia paka. Watoto walikuwa mlangoni, wakisikia.

Mjomba yule ni mtu wa huruma, na hoja yake ina uzito. Nyumba ya Kiislamu haina ruhusa ya kufanya israfu, na haki ya jirani mwenye njaa ni kubwa kuliko ya mnyama. Lakini Bibi, aliyekulia Pangani, akamjibu kwa upole: "Mwanangu, paka wa kwetu hatukuwalisha kwa sababu walikuwa wakijilisha. Walikuwa na pwani, na mashua, na panya wa ghalani. Huyu tumemfungia."

Neno hilo ndilo lililoamua. Sisi tunaishi ghorofa ya tatu, madirisha yana nondo na mlango una komeo. Zabibu aliingia humu akiwa hajafumbua macho sawasawa, na hajapata kuwinda hata mjusi wa maana. Katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alieleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Uzito wa kisa hicho umo katika kule kufungia. Mwenye kuziba njia za riziki ya kiumbe amejitwika riziki hiyo. Na kumtupa sokoni paka aliyezoea kibakuli, katikati ya mbwa na magari, si kumwachia ajitafutie; ni kumhamishia njaa yake mahali ambapo hatutaiona.

Wanazuoni wetu hawakuliona jambo hili kuwa dogo. Al-'Izz bin Abdussalam, aliyefariki mwaka 1262, alipoandika juu ya haki za wanyama kwa wanadamu, alitaja kwamba mwenye mnyama humgharimia hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutomfaa tena. Katika mji huohuo wa Cairo, Sultani Baybars, aliyetawala hadi mwaka 1277, aliacha bustani iwe wakfu kwa ajili ya kulisha paka wa mjini. Edward William Lane, Mwingereza aliyeishi Cairo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836, alikuta bustani ile imekwisha kuuzwa mara kadhaa na mapato yake yamebaki kidogo sana. Na hata hivyo kila alasiri paka walikuwa wakiletewa chakula katika ua wa mahakama, gharama kubwa ikibebwa na kadhi. Sisi twalipenda fundisho la habari hiyo. Fungu lilipopungua, walitafuta namna nyingine ya kulitimiza, paka hawakuachwa.

Basi tukakubaliana usiku ule kwamba Zabibu atabaki, na kwamba gharama yake itapunguzwa pasipo kupunguza ubora wa chakula chake. Maneno hayo mawili yanaonekana kugombana, lakini tulipoyachunguza tuliona yanakaa pamoja.

Jambo la kwanza ni kumjua anayelishwa. Mjomba alishauri apewe makombo ya ugali kwa mchuzi, kama mbwa wa shambani. Paka si mbwa. Maumbile yake ni ya mla nyama, na vipo virutubisho asivyoweza kujitengenezea vya kutosha mwilini, kimojawapo kikiitwa taurini, kinachopatikana katika nyama na samaki. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka wanaokosa taurini huharibikiwa macho hadi kupofuka. Na mwaka 1987 wengine, huko California, wakaonyesha kwamba ukosefu huohuo hudhoofisha moyo. Kwa sababu hiyo hata chakula cha mbwa, ambacho mara nyingi ni cha bei nafuu, hakimfai paka kuwa mlo wake wa kila siku. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na hapa huvunja afya.

Jambo la pili ni hesabu. Mazoea ni kulinganisha bei ya kilo, ilhali paka hali kilo. Anakula kipimo cha siku. Paka mzima wa kilo nne, anayeshinda ndani, hutosheka kwa wastani na gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu kwa siku, kutegemea nguvu iliyomo katika chakula hicho. Tuchukulie mfano. Chakula cha kwanza kinauzwa shilingi 10,000 kwa kilo, lakini kimejaa mahindi, na mfuko unaelekeza gramu 75 kwa siku: hiyo ni shilingi 750. Cha pili kinauzwa shilingi 13,000, kimeanza na nyama ya kuku katika orodha ya viambato, na kinaelekeza gramu 55: hiyo ni shilingi 715. Kile kilichoonekana ghali dukani ndicho nafuu kibakulini. Siku hizi hatununui mfuko kabla ya kufanya hesabu hiyo, na mtoto wetu wa darasa la sita ndiye anayeifanya, akiwa amesimama mbele ya rafu na kalamu mkononi.

Pamoja na hesabu, tunasoma maandishi ya mfuko. Tunatafuta neno linaloeleza kwamba chakula hicho ni mlo kamili, kwani vipo vingine vilivyotengenezwa kuwa kitoweo cha kuongezea tu. Tunatazama tarehe ya mwisho. Na kwa kuwa mikono na vyombo vyetu vinagusa chakula hicho, twachagua mifuko inayotaja mnyama kwa jina, kuku au samaki, na kuiacha ile inayosema nyama pasipo kusema ya nini. Kujiepusha na shaka hakukutuongezea gharama yoyote.

Jambo la tatu ni kupima. Kibakuli kinachojazwa asubuhi na kuachwa kutwa hulisha sisimizi, hupoteza harufu kwa joto la pwani, na jioni humwagwa. Tulikipima kikombe cha kahawa kwa mizani ya jikoni, tukakiwekea alama ya gramu 25 kwa kalamu. Zabibu hupata kipimo kimoja baada ya Alfajiri na kingine baada ya Magharibi. Katika wiki mbili tulitambua kwamba sehemu kubwa ya tulichokuwa tukikiita ulaji wa paka ilikuwa ni upotevu. Kumpima kunamlinda pia na unene, ambao kwa paka wa ndani huleta maradhi, na maradhi huleta gharama ya daktari.

Jambo la nne ni ujirani. Mfuko wa kilo 10 una bei nafuu kwa kilo kuliko vifuko vidogo, lakini paka mmoja huumaliza kwa zaidi ya miezi mitano, na mafuta yaliyomo huharibika na kutoa harufu mbaya mapema zaidi ya hapo mfuko ukishafunguliwa, hasa katika unyevu wa Dar es Salaam. Tukazungumza na majirani wawili katika jengo letu, mmoja wao mwenye paka watatu. Twachanga, twanunua mfuko mmoja, twagawana kwa mizani siku ileile. Fungu la kila nyumba hutiwa katika mfuko safi mkavu unaofungwa vema, kisha ndani ya ndoo yenye kifuniko, mbali na jua. Chakula cha kupimiwa kutoka gunia lililo wazi dukani tumekiacha, kwani hatujui lilifunguliwa lini.

Jambo la tano ni jiko letu wenyewe. Siku ya samaki au kuku, Zabibu hupata kitoweo kidogo juu ya punje zake: dagaa wachache waliochemshwa, au kipande cha moyo wa kuku kutoka kwa muuzaji wa firigisi. Twachemsha bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwani vitunguu ni sumu kwa paka. Maji ya kuchemshia hatuyamwagi, kwa kuwa sehemu ya taurini huyeyukia humo. Twampa pamoja na nyama. Mifupa iliyopikwa twaitoa, maana hupasuka vipande vyenye ncha. Samaki mbichi hatumpi, kwa sababu baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Maini twampa kwa nadra, kwani yakizidi huleta ugonjwa wa mifupa. Na maziwa, ambayo watu wengi hudhani ni haki ya kila paka, tumeyafuta kabisa: paka wengi wakishakua hawawezi kuyameng'enya vizuri, nayo huwaharisha. Robo lita ile sasa inakunywewa na watoto.

Twasisitiza kwamba kitoweo hiki ni nyongeza tu. Mlo wa nyama tupu una upungufu wa madini ya chokaa, na mlo wa dagaa peke yao una upungufu mwingine. Sehemu kubwa ya chakula chake hutoka kwenye mlo kamili uliopimwa, na cha nyumbani hakizidi sehemu moja ya kumi.

Limebaki jambo la sita, ambalo wengi huona haya kulizungumza. Paka jike akiachwa huzaa mara mbili hadi tatu kwa mwaka, na kila uzazi huweza kuwa na watoto wanne au zaidi. Viroba vile vya sokoni, kwa sehemu kubwa, vinatokana na hapo. Wapo wanazuoni walioruhusu kumfunga mnyama kizazi pale penye maslahi na pasipo madhara; tulimuuliza shekhe wetu wa msikitini, kisha tukampeleka Zabibu kwa daktari wa mifugo. Ilikuwa gharama ya mara moja, tuliyoiwekea akiba kidogo kidogo, nayo imetuepusha na vinywa ambavyo tusingeweza kuvilisha.

Kufikia mwezi wa Aprili, fungu la Zabibu lilikuwa limepungua kwa karibu theluthi, naye manyoya yake yanang'aa na uzito wake haujashuka. Theluthi ile hatukuirudisha katika mfuko wa nyumba. Bibi alipendekeza, nasi tukakubali, iwe sadaka kwa mama mmoja mjane wa mtaa wetu, kila Alhamisi, kwa mkono wa watoto. Mjomba alipopata habari alitabasamu, akasema hoja yake imejibiwa kwa vitendo. Tulimwambia kwamba imejibiwa kwa mizani.

Hata hivyo hatumwambii kila mtu afuge. Ipo nyumba ambayo kweli haina cha ziada, na hapo mama hapaswi kumnyima mtoto uji kwa ajili ya paka. Mwenye hali hiyo asiongeze mnyama; na kama anaye tayari, amtafutie mwenye uwezo na moyo wa kumtunza, jirani au jamaa mwenye ua na ghala, na amkabidhi mkono kwa mkono, mchana, mbele ya watoto, akieleza anachokula na saa zake za kula. Katika Hadithi ya Abu Qatada, paka ametajwa kuwa ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Anayetuzunguka anatujua kwa sauti na kwa harufu, na humwamini aliyemzoea hata anapobebwa asikokujua. Kwa hiyo anapohama mikono yetu, na ahamie katika mikono mingine.