Tangi la chumvi sebuleni

Samaki wa kwanza waliishi siku tatu. Walikuwa wawili, rangi ya chungwa na mistari myeupe, kama yule wa filamu ya Finding Nemo, na binti wa miaka tisa alishawapa majina kabla hawajatolewa kwenye mfuko wa plastiki. Asubuhi ya nne alimkuta baba yake akiwaopoa kwa chujio la chai. Hakulia. Aliuliza tu, "Baba, tumewaua sisi?"

Mama alitaka tangi lirudishwe dukani. Baba, aliyelichagua, hakuwa na la kusema. Lilikuwa la lita 20, linatosha pembeni ya televisheni, na muuzaji alimwambia anayeanza huanza na dogo. Hapo ndipo wengi huponzwa. Kwenye maji kidogo kila kosa ni kubwa: chakula kilichobaki kinaoza, amonia inapanda haraka, na kwa joto la Dar es Salaam maji yanapungua huku chumvi ikibaki, ukali unazidi kila siku.

Safari ya pili walisoma kwanza. Tangi lilikuwa la lita 90, la mtumba, lenye madoa ya chokaa. Binti alishangaa kununua chumvi maalumu ya pakiti wakati bahari iko pale Msasani. Mama, anayejua mitaro inamwaga nini baharini mvua ikinyesha, ndiye aliyemjibu. Ya jikoni nayo haifai, haina kalisiamu wala magnesiamu ya kutosha. Basi wakachanganya, gramu 35 hivi kwa lita moja ya maji yasiyo na klorini, wakapanga mawe, wakawasha pampu.

Samaki hakuna. Wiki tano nzima.

"Mnafuga mawe?" shangazi alicheka. Kila siku binti alidondosha punje chache za chakula zioze, maana bakteria wanaoota kwenye mawe wanahitaji amonia. Wanaigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Kila Jumamosi alipima na kuandika nyuma ya daftari la hisabati.

Mama naye aliweka sharti: mwenye mchubuko haingizi mkono tangini. Hakuwa anazidisha, wapo bakteria wa majini wanaoacha vidonda vya ngozi vinavyochukua miezi kupona. Na yale matumbawe laini ya rangi rangi, zoantidi, alikataa kabisa, kwa sababu baadhi yana sumu kali ya palitoksini. Baba aliongeza pampu ya betri, kwa ajili ya siku za umeme kukatika.

Jumamosi ya sita amonia ilisoma sifuri, naitraiti sifuri. Walinunua samaki mmoja. Baba aliuliza anaitwa nani.

"Bado," binti alisema. "Ngoja kwanza amalize wiki."