Wimbo wa Shangazi

"Baba mdogo, kumbe shangazi naye anaujua wimbo wa Diamond!"

Dada yangu alikuwa uani anamenya ndizi huku akiimba. Nilimjibu kijana kwa ukali. "Salome" ya Diamond na Rayvanny ilitoka 2016. Asili yake, "Maria Salome" ya Saida Karoli, binti wa Bukoba Vijijini anayeimba Kihaya, ilivuma tangu 2001, na Saida kuimba na kupiga ngoma alifundishwa na mama yake. Hesabu miaka basi.

Mimi nyimbo za aina hii zilinikuta dukani Nkwenda, Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe. Duka lilinuka mafuta ya taa, sabuni ya mche na kahawa ya maganda iliyojazwa magunia mpaka mlangoni. Tulikaa juu ya magunia hayo tukitafuna kahawa iliyochemshwa. Mwenye duka alianika betri juani zipate nguvu. Kanda ikilegea, aliikaza kwa kalamu. Kaseti aliyoipenda alikuwa ameirekodi mwenyewe harusini: mpiga nanga, mbuzi analia, wazee wanacheka kwa rubisi. Nanga ni kama kihori cha mti, uzi mmoja umepitishwa juu yake huku na huku. Mzungu msafiri, Grant, aliiona hapa Karagwe alipobaki mgonjwa kwa mfalme Rumanyika, 1861 kuingia 1862.

Mzee yule mwenye duka alisimamisha kanda, akaimba sehemu ile ile taratibu. "Hii mama alikuwa ananibembelezea," alisema. Mpiga nanga aliichukua akatia jina la shujaa. Harusi iliyofuata akatia la baba wa bwana harusi. Hakuna aliyelalamika, maana kabla ya kugusa uzi alitaja aliyemfundisha na kijiji chake. Nilidhani kila mwimbaji duniani hufanya hivyo.

Mzee alipofariki, kaseti zilitupwa pamoja na maboksi ya sabuni. Hilo linaniuma mpaka leo. Zikaja redio za hapa hapa, zikaja simu, na sasa spika za harusi zinapiga kwa kishindo hata bibi hasikii anachopaswa kuitikia. Watoto wetu wanacheza vizuri sana. Wa kuwatajia nyimbo zilikotoka ndiye hayupo.

Kijana akaweka simu chini. "Shangazi, hebu imba tena."

Dada akafuta utomvu mikononi. Akamtaja kwanza mama yetu, kisha akaanza, na palipokuwa na jina la Salome akatia la kijana.