OH Iko Wapi, na Imeshikana na Nani

Mpenzi Salma,

Kaka yako ameniletea daftari lako la kemia, nami nimeona ulipoandika kwamba ethanoli ni besi kwa kuwa fomula yake huishia na OH, kama kostiki. Usivunjike moyo, wengi hujikwaa hapohapo.

Katika kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, OH ni ayoni yenye chaji hasi. Kostiki ikitiwa majini, ayoni hiyo huachana na sodiamu, na ndiyo inayobabua ngozi. Katika ethanoli, OH huitwa haidroksili. Oksijeni yake inashirikiana elektroni na kaboni, haibanduki kirahisi, na litmasi nyekundu haigeuki buluu.

Lakini isidharauliwe. Molekuli za propani na ethanoli zina uzito unaokaribiana, 44 na 46, ila propani huchemka kwenye nyuzi 42 za Selsiasi chini ya sifuri, ethanoli kwenye nyuzi 78 juu yake. Hiyo ni kazi ya haidroksili: hidrojeni yake huvutwa na oksijeni ya jirani, molekuli zikashikana kama watoto wanaocheza ukuti. Gliseroli inazo tatu, ndiyo maana ni nzito, inavuta maji, na hutiwa kwenye kitakasa mikono ngozi isikauke.

Sasa njoo Pemba, kwenye mafuta ya makonyo ya karafuu. Yujenoli iliyomo ina haidroksili iliyokaa kwenye pete ya benzini, na makazi hayo huibadili tabia: ni asidi dhaifu, huachia hidrojeni mbele ya kostiki. Wataalamu huitenga na mafuta kwa njia hiyo. Daktari wa meno huikoroga na zinki oksaidi kuzibia jino. Kwa hiyo, mwanangu, OH hiyohiyo uliyoiita besi, hapa ni asidi!

Methanoli nayo imepungukiwa kaboni moja tu kuliko ethanoli. Ini huigeuza hatimaye kuwa asidi fomiki, inayopofusha macho. Mei 2014 nchini Kenya, Embu na Kitui zikiwemo, makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Kwa macho methanoli na ethanoli hazitofautiani, basi maabara usionje kitu, hata rafiki akikucheka.

Lile swali la ethanoli lililo daftarini lirudie. Safari hii chora vifungo vyote, usiandike fomula fupi, kisha mpe kaka yako daftari akija tena huku.

Shangazi yako