Barua kutoka Brussels: Pesa Inayotoka Chunguni

Kwa ndugu wa Lubutu, wa Kindu, na wote wenye mtu wao huku Ubelgiji.

Pesa ikifika kwenye simu ya mtu pale Lubutu, shukrani humwendea baba. Ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kufagia ofisi au kupanga mizigo kwenye ghala, na jina lake ndilo linalosomeka kwenye ujumbe. Mke wake huulizwa jambo jingine kabisa: "Na wewe mama, umeshapata kazi, au ungali unakaa tu?" Barua hii inamhusu huyo anayeambiwa anakaa tu. Katika nyumba nyingi za Wakongo wa Brussels, mshahara mmoja ukishalipa kodi ya nyumba, gesi, umeme na bima, hakibaki kitu cha kutuma. Kinachotumwa ni kile ambacho mama amekataa kukitumia.

Kwanza ijulikane kwa nini yuko nyumbani. Vituo vya kulelea watoto wachanga havitoshi. Mama hujiandikisha angali mjamzito na bado anaweza kukosa nafasi. Chekechea ni ya bure, lakini inampokea mtoto akishatimiza miaka miwili na nusu. Mwenye watoto watatu waliofuatana hupitisha miaka mingi kabla mikono yake haijaachiwa. Na kazi zinazopatikana upesi kwa mgeni, za usafi wa alfajiri na jioni, zinaangukia saa zile zile ambazo baba naye hayupo. Mume na mke wakikaa chini kupiga hesabu, huona ni nafuu mmoja abaki.

Aliyelelewa Lubutu amejua kubana matumizi tangu utotoni, ila kwa njia nyingine. Pale, pasipo na fedha, mikono ndiyo inayolipa. Sombe inatoka shambani, kuni msituni, mawese yanapikwa na kukamuliwa nyumbani, na mpunga ni zao ambalo Maniema inalilima tangu siku za wafanyabiashara wa Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Kinachodai fedha ni kile kinachopita barabarani: chumvi, sukari, dawa, daftari za watoto. Kutoka Kisangani ni karibu kilomita 240, na mvua ikiikata njia, bei sokoni haimngoji mtu. Waliokuwapo mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997, wakati kambi ya Tingi-Tingi ilipojaa wakimbizi zaidi ya laki moja kilomita chache tu kutoka mjini, hawana haja ya kufundishwa maana ya kugawa chungu kimoja.

Brussels hakuna shamba nyuma ya nyumba wala msitu wa kuokota kuni. Kila kitu kina bei. Ila bei hiyo hubadilika kwa saa, kwa siku na kwa msimu, na humo ndimo mama anamofanyia kazi yake. Anayezijua saa hizo hupata kikapu kilichojaa kwa fedha ambayo mwenzake amenunulia nusu kikapu.

Jumapili ni siku ya soko la Midi, linalotandazwa kuizunguka stesheni kubwa ya treni. Asubuhi wanakuja wenye haraka na wenye uwezo. Mama wa Lubutu hutoka kwake saa tano na kigari chake cha magurudumu mawili, apite kwanza bila kununua, akitazama nani ana kreti nyingi. Saa saba mchana inapokaribia, wauzaji huanza kupaza sauti, maana hakuna anayetaka kurudisha nyanya kwenye lori. Kreti nzima ya nyanya zilizoiva sana, au ya pilipili hoho zenye mikunjo, hutoka kwa euro chache. Yeye haangalii zile za juu. Huinua kreti kwa mkono mmoja na kuupitisha mwingine chini yake: mbao ikiwa imelowa, za chini zimeoza, anaiacha. Ikiwa kavu, ananunua. Jioni ile ile nyanya zote zinamenywa, zinapikwa na vitunguu na kitunguu saumu hadi maji yakauke, zinaingia kwenye makopo yaliyokuwa ya aiskrimu. Nyanya ya mkebe haitaonekana humo ndani wiki kadhaa.

Nyama ina soko lake, nalo ni machinjio ya Anderlecht, yenye soko Ijumaa hadi Jumapili. Watu huingia wakipita kati ya fahali wawili wa shaba, na bidhaa hutandazwa chini ya paa kubwa la chuma lililojengwa 1890. Wabelgiji wengi hawana habari na matumbo, kwato na mkia kama zamani, kwa hiyo vitu ambavyo Lubutu vingegombaniwa hapa vinauzwa kwa bei ya chini. Kuna pia yule kuku mgumu, aliyemaliza kutaga. Mapishi ya Kizungu hayamtaki kwa sababu haivi upesi. Kwa Mkongo huyo ndiye kuku hasa: anachemka saa mbili, anatoa mchuzi wa siku mbili, na nyama yake haiyeyuki mdomoni kama pamba.

Wengi nyumbani wameshasikia habari za Matonge, mtaa wa Waafrika karibu na Porte de Namur, katika manispaa ya Ixelles. Ulianza kukua baada ya 1961, ilipofunguliwa Maison Africaine ya kuwapokea wanafunzi kutoka Kongo, na jina lake limetoka Kinshasa. Kuna kila kitu pale: sombe iliyotwangwa na kugandishwa, makayabo, kwanga, mawese, matembele mabichi yaliyosafiri kwa ndege. Na bei ya matembele hayo ni ya kitu kilichosafiri kwa ndege. Mama mwenye akili huenda Matonge na orodha fupi. Sombe na mawese, ndiyo, maana hayana mbadala. Mchele, vitunguu, mafuta ya kupikia na unga, hapana. Hivyo anavipata kwa nafuu kwenye maduka makubwa ya kawaida.

Na hata hiyo sombe huongezwa. Pakiti mbili za Matonge huchanganywa na spinachi iliyogandishwa, inayouzwa kwa bei ndogo dukani, ikiingia mwishoni ili isipoteze rangi. Wapo watakaochukizwa kusoma hivyo, na kweli ladha si ile ya kinu cha nyumbani. Lakini watoto wanakula mboga ya kwao, wanaijua kwa jina, na chungu kinatosha watu sita.

Saa nyingine anayoijua mama ni ya umeme. Nyumba yenye mita ya bei mbili hulipa pungufu kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na Jumamosi na Jumapili mchana kutwa. Kwa hiyo kupika kukubwa ni kwa Jumamosi. Sombe inachemka mpaka uchungu utoke, maharage yaliyolowekwa tangu jana yanafuata kwenye moto huo huo wa plate, kisha oveni inawashwa mara moja tu kwa ajili ya samaki na keki ya watoto kwa pamoja. Vikipoa vinagawanywa, kila kopo mlo mmoja, na juu yake karatasi ya kunata yenye tarehe. Mashine ya kufulia ingefaa kuzunguka usiku, lakini kuta za fleti ni nyembamba na jirani wa chini hulala mapema. Nayo inasubiri wikendi. Maji ya Brussels yana chokaa nyingi. Birika na mashine huota utando mweupe, na dawa za kuuondoa zinazotangazwa kwenye televisheni ni ghali. Siki nyeupe ya chupa, ya bei ya chini kabisa dukani, inafanya kazi ile ile.

Majokofu ya madukani yana somo lake. Bidhaa ikikaribia tarehe yake hubandikwa karatasi ya punguzo, wakati mwingine nusu ya bei. Tarehe hizo ni za aina mbili, na mama aliyejifunza kuzitofautisha hatupi chakula kizima wala halishi watoto sumu. Iliyoandikwa kwenye nyama, samaki na vitu vibichi ni ya usalama: ikipita, chakula hakiliwi. Iliyoandikwa kwenye mchele, tambi, biskuti au mikebe ni ya ubora tu, na chakula hicho bado kinafaa baada yake. Nyama ya punguzo hupikwa au kugandishwa siku ile ile inaponunuliwa.

Msimu nao una fedha ndani yake. Sheria ya Ubelgiji inatenga miezi miwili ya punguzo kubwa la nguo na viatu: Januari, kuanzia tarehe 3, na Julai. Makoti ya watoto hununuliwa Januari kwa ajili ya baridi ya mwaka ujao, saizi moja juu, yakakunjwa na kuwekwa kabatini. Yasiyopatikana huko hupatikana kwa Les Petits Riens, shirika lililoanzishwa 1937 na padri Édouard Froidure, ambalo hupokea nguo na samani zilizotolewa na wenye navyo na kuziuza rahisi ili kuwasaidia maskini. Meza ya watoto kusomea, baiskeli ya mkubwa ambayo itakuwa ya mdogo, sufuria nzito ya chuma. Vikwembe vilivyotoka Lubutu kwenye sanduku la mgeni havichoki mapema: vikianza kufifia huwa mapazia, kisha mito, kisha vitambaa vya jikoni.

Bustani je? Inawezekana, kwa wenye roshani au kipande katika bustani za pamoja za mtaa. Wabelgiji wazee hawapandi mboga laini kabla ya Watakatifu wa Barafu kupita, tarehe 11, 12 na 13 Mei, kwa sababu hadi siku hizo baridi inaweza kurudi usiku mmoja na kuua miche yote. Mama wa Lubutu, aliyezoea udongo unaopokea mbegu mwaka mzima, huizingatia sana kalenda hiyo. Baada ya hapo lengalenga inaota hata kwenye ndoo zilizotobolewa chini, na ikikatwa juu inachipua tena hadi Septemba. Muhogo haukubali, majira ya joto ni mafupi mno.

Halafu kuna farde. Kila nyumba ina farde moja, jalada la kuwekea karatasi za ofisi, na mara nyingi mama ndiye anayeishika, ingawa Kifaransa chake huenda kilianzia darasani kwa Lire et Écrire, shirika linalofundisha watu wazima kusoma na kuandika. Humo mna posho ya watoto, ambayo mkoa wa Brussels uliipanga upya Januari 2020 kwa kiwango cha msingi cha euro 150 kwa mwezi kwa mtoto mdogo, na nyongeza kwa familia za kipato cha chini. Mna kadi za ONE, taasisi iliyoanza 1919, ambako mtoto hupimwa na kuchanjwa bila malipo. Mna kadi ya basi na metro ya kijana wa miaka 12 hadi 24, iliyoshushwa hadi euro 12 kwa mwaka mzima mwezi Julai 2021. Karatasi moja isipojibiwa kwa wakati, posho inaweza kusimama miezi, na kuipata tena ni kupanga foleni na kupiga simu zisizopokelewa. Mwandishi wa barua hii ameona nyumba ikiyumba kwa bahasha moja iliyowekwa juu ya kabati bila kufunguliwa. Kuisimamia farde ni kazi kama kazi nyingine, na ingelipwa mshahara kama ingefanywa ofisini.

Wanawake hawa hawafanyi peke yao. Likelemba ipo Brussels kama ilivyo Lubutu: kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na mmoja anaondoka na chote. Friza kubwa ya sebuleni, ambayo bila yake kreti za Midi zisingekuwa na maana, mara nyingi ilinunuliwa zamu ya mama ilipofika.

Sasa ni kuhusu hiyo pesa inayotumwa. Kutuma fedha kwenda Afrika kusini mwa Sahara ni ghali kuliko sehemu nyingine za dunia. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, wastani wa makato umekuwa karibu asilimia 8. Euro 20 zikitumwa mara tano huliwa zaidi ya euro 100 zikitumwa mara moja. Wengine huungana: wifi aliye Liège na wifi aliye Brussels, wanaomtunza mkwe mmoja, hutuma kwa mkono mmoja.

Mwaka una shimo lake, nalo ni Agosti. Shule za Kifaransa hapa, tangu 2022, hufungua mwishoni mwa mwezi huo. Za Kongo hufungua Septemba. Mikoba, viatu na daftari za huku vinagongana na ada za huko. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bure Kongo tangu Septemba 2019, lakini sekondari bado inalipiwa. Basi mwenye mtoto wa sekondari Lubutu aseme mwezi Juni: kiasi gani, shule gani, mwisho wa kulipa lini. Na amwambie mama, kwa kuwa daftari la matumizi liko kwake. Akijua Juni, atatenga kidogo Juni, kidogo Julai wakati wa punguzo, na Agosti atatuma mara moja. Akiambiwa Septemba, usiku, kwa ujumbe wa sauti, na mtoto keshafukuzwa darasani, hana pa kuitoa isipokuwa kwenye chakula cha wiki hiyo.