Barabara ya Popo: Ofisi Inayowangoja Mabinti Wahandisi

Msafiri atokaye Mombasa kwa treni ya reli mpya huteremka Syokimau, kisha huishika Barabara ya Mombasa kuelekea katikati ya jiji la Nairobi. Kabla hajaufikia mji huupita mtaa wa South C, unaojulikana kwa misikiti yake na kwa wingi wa familia za Kiislamu. Humo mna Barabara ya Popo, na kando yake, katika kiwanja kimoja na Idara ya Vipimo na Mizani, ndipo ilipo Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya, yaani KIPI. Ujirani huo una maana. Dini yetu imewakemea vikali wanaopunja vipimo sokoni. Na hapa, hatua chache kutoka kwenye mizani ya serikali, hupimwa haki ya mtu juu ya kile alichokibuni kwa akili yake.

Tulifika hapo wajumbe watatu wa kamati ya msikiti wetu, tukiwa na mzee mmoja wa jamaa zetu na bintiye aliyehitimu uhandisi wa mitambo. Haja zetu zilikuwa mbili. Fundi mmoja anayeswali nasi ameunda mashine inayokuna nazi na kuikamua tui kwa mara moja, na chicha ikatoka kavu. Alitutuma tumuulizie namna ya kuilinda. Haja ya pili ilimhusu binti mwenyewe. Alikuwa amemweleza baba yake kwamba anataka kujifunza sheria ya hataza, na mzee hakuridhia. "Uhandisi nilikubali," alituambia njiani. "Sasa na sheria tena? Mtoto huyu atakaa kitako lini?" Hata hivyo alikubali kufuatana nasi, akaone kwa macho yake.

Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasitumie uvumbuzi wake bila ya idhini yake, kwa miaka 20 tangu siku alipowasilisha ombi. Naye hutakiwa kuifichua siri yake yote kwa maandishi na michoro, ili muda ukiisha umma unufaike. Uvumbuzi sharti uwe mpya duniani, uwe na hatua ya ubunifu ambayo mjuzi wa fani hiyo asingeifikia kwa wepesi, na uweze kutumika viwandani. Kwa kifaa kilichoboreshwa bila ya ubunifu mkubwa iko hati ndogo ya miaka 10, iitwayo modeli ya matumizi.

Zamani milango hii haikuwa karibu nasi. Hadi mwaka 1990 Kenya haikuwa na ofisi yake ya kuchunguza uvumbuzi. Hataza zilizosajiliwa hapa zilikuwa zile zilizokwisha kutolewa Uingereza. Sheria ya mwaka 1989 ndiyo iliyoanzisha ofisi ya nchini, na sheria ya mwaka 2001 ikaifanya taasisi hii tuliyoizuru.

Mkaguzi aliyetupokea alikuwa dada mwenye shahada ya uhandisi. Alimwamkia mzee kwa adabu, akatukalisha, kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Mashine hii imeshaonyeshwa hadharani?" Tukajibu kwamba fundi aliipeleka kwenye maonyesho ya Mombasa, yapata miezi minane iliyopita. Akanyamaza kidogo. Akaeleza kwamba kilichokwisha kuonekana na watu hakihesabiwi tena kuwa kipya, ila sheria ya Kenya humvumilia mvumbuzi miezi 12 tangu alipokionyesha mwenyewe. Fundi wetu alikuwa amebakiwa na miezi minne. Katika nchi za Ulaya, ambazo hazina uvumilivu mpana wa namna hiyo, mlango wake yumkini ulikwisha kufungwa siku ile ile aliyoshangiliwa na watazamaji.

Kisha akatufundisha jinsi ombi linavyoandikwa, kwa kutumia mfano tuujuao sote: mbuzi ya kukunia nazi. Moyo wa ombi, alisema, ni madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile mvumbuzi anachosema ni chake. Mtu akiandika kwamba amebuni chombo cha kukunia nazi, atakataliwa, kwani mbuzi ilikuwapo kabla ya babu zake. Akiandika mashine yenye meno 12 ya chuma, atapata hati, lakini kesho jirani ataunda yenye meno 13 ya shaba, na wala hatakuwa amevunja haki ya mtu. Mwandishi hodari hutafuta kile hasa kilicho kipya, na kukitaja kwa upana usiovuka kweli.

Hapo binti, aliyekuwa kimya muda wote, aliomba karatasi. Akachora namna kichujio cha mashine ile kinavyozunguka pamoja na meno, akasema kwamba upya haumo katika meno wala katika kichujio, bali katika namna viwili hivyo vilivyounganishwa. Mkaguzi aliutazama mchoro, akamgeukia mzee: "Baba, kazi yenyewe ndiyo hii." Kwa kweli ndivyo ilivyo. Mwanasheria asiyejua mitambo asingekiona kilichoungana na kipi, na fundi asiyejua sheria hakujua hata kwamba muda unamkimbia. Penye pengo hilo ndipo palipo na kazi.

Adhuhuri ilipoingia tulikwenda kuswali katika msikiti wa mtaani, na baada ya swala mzee alituuliza kama dini inaitambua mali isiyoshikika. Tukamjibu kwamba suala hilo lilijadiliwa na wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chao cha tano, Kuwait, Desemba 1988. Waliamua kwamba majina ya biashara, haki za utunzi na haki za uvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali, zinalindwa kisheria, na haijuzu kuzivamia. Anayeandika madai kwa uaminifu huilinda mali ya Mwislamu na ya asiye Mwislamu. Hiyo ni amana.

Akauliza tena kama kuna wanawake waliofika mbali katika njia hii. Wapo. Ofisi hiyo hiyo ya hataza iliwahi kuongozwa na Profesa Norah Olembo, mwanasayansi wa biokemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko Marekani, Florence King wa Chicago alisajiliwa kuwa wakili wa hataza mwaka 1897. Na katika historia yetu wenyewe, Ibn al-Nadim aliwaorodhesha mafundi wa vyombo vya falaki, akamtaja miongoni mwao al-Ijliyya, bint wa fundi, aliyekuwa Halab kwa Sayf al-Dawla katika karne ya 10. Baba yake alikuwa wa kazi hiyo hiyo. Hatudhani alimficha vifaa vyake.

Kwa wazazi wenye mabinti wa sayansi, njia iko wazi kuliko inavyodhaniwa. Mtihani wa mawakala wa hataza wa Ulaya humtaka mtahiniwa awe na elimu ya sayansi au ufundi, si lazima shahada ya sheria. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani hutoa somo la msingi bila malipo kwa njia ya intaneti. Chuo Kikuu cha Africa, mjini Mutare, Zimbabwe, kina shahada ya uzamili ya fani hii tangu mwaka 2008, kwa ushirikiano na ARIPO, shirika la kanda lenye makao Harare. Kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ombi moja linaweza kuzielekea nchi nyingi wanachama, zikiwamo Kenya na Tanzania. Na kazi kubwa yenyewe ni kusoma, kuchora na kuandika; haimtaki mwanamke aivue stara yake wala aihame nyumba yake.

Mzee hakutoa ahadi siku hiyo. Alimwambia bintiye neno moja tu: aanze na maelezo ya mashine ya fundi, naye atamnunulia karatasi na kumlipia ada ya ombi. Sisi tuliliona kuwa ni idhini ya nusu, na nusu iliyobaki tunaiombea dua.

Kamati za misikiti nazo zina wajibu. Tunawajua mafundi wetu kwa majina, na tunawajua mabinti waliohitimu. Tuwakutanishe kabla ya maonyesho, si baada yake.

Wabillahi tawfiq.